Nilivyouza Moshi

Tangazo lile niliandika mimi. Hakunituma mtu, hakunishika mkono mtu, wala sikupitiwa na usingizi. Nayasema haya mapema kwa sababu kwa miezi miwili niliwaacha watu waamini mengine, na waliobebeshwa kosa langu hawakuwepo kujitetea.

Nakaa Kimaka, upande wa kaskazini wa Jinja, jirani na uwanja mdogo wa ndege na chuo cha jeshi cha makamanda. Kwa ajili ya jeshi, Kiswahili huku kwetu si lugha ya wageni. Utakisikia dukani, bombani na vikaoni, na mtu akikuita "Afande" si lazima uwe na cheo. Nina duka la fotokopi na uchapaji, na kwa miaka minne nilikuwa katibu wa chama chetu cha akiba. Wanachama ni wapatao arobaini: wake wa askari, walimu, waendesha boda, na wastaafu wachache. Kila mwaka chama hutenga siku moja ya kutembea pamoja. Mwaka ule kazi ya kupanga matembezi iliniangukia mimi.

Nikawaza reli. Nilikuwa nimeshafika stesheni ya zamani ya Jinja, ambako miaka ya karibuni pamefunguliwa makumbusho ya reli, nikapapenda. Nilipanga tuanze asubuhi na makumbusho, mchana tupande basi hadi Namasagali, mahali reli ya Busoga ilikoishia, na jioni turudi. Mpango ulikuwa mzuri. Ningeutangaza ulivyo, leo nisingekuwa na la kuungama.

Kosa la kwanza lilikuwa la fedha. Mwenye basi aliniambia kuna mtu mwingine anayelitaka siku ileile. Mkononi nilikuwa na michango ya mwezi ambayo sijaipeleka benki. Nikatoa humo shilingi 300,000, nusu ya kodi ya basi, nikampa. Mweka hazina sikumwuliza, wala Mama Mwenyekiti. Nilijiambia kwamba watu wakijiandikisha na kulipa 40,000 kila mmoja, nitazirudisha kabla hajajua mtu. Wiki mbili zikapita. Katika viti 30 vya basi, waliojiandikisha walikuwa 11.

Ndipo nikachapa tangazo jipya. Kwenye intaneti nilipata picha ya injini ya mvuke iitwayo Mount Gelai, nambari 5918. Ni jitu la chuma aina ya Garratt, lililoundwa na kampuni ya Beyer Peacock huko Manchester mwaka 1955. Injini za kundi lake zilikuwa 34, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, mmojawapo Elgon, mlima ambao watu wa Mbale wanauona wakifungua dirisha. Mount Gelai ipo katika makumbusho ya reli ya Nairobi, na katika miaka ya 2000 ilitengenezwa hata ikavuta tena safari za watalii. Yote haya yalikuwa yameandikwa chini ya picha. Niliyakata. Nikakata na pembeni, jina na nambari visionekane. Badala yake nikaandika kwa herufi nene: "Twende tukapande gari la moshi Jinja."

Hapa niwaeleze ujanja wangu, maana niliufurahia. Katika Kiswahili, gari la moshi ni treni yoyote. Hata inayokwenda kwa dizeli, hata ya umeme, mzee wa kijijini ataiita gari la moshi na hajakosea. Kwa hiyo mtu akija kunibana, nitamwambia nilisema treni, na treni ni behewa, na behewa lililosimama mtu anaweza kulipanda akashuka. Neno kwa neno sikudanganya. Nilikuwa nimekwenda stesheni kuuliza, nikajibiwa wazi: wageni mnakaribishwa, ila hakuna safari ya treni, na injini ya mvuke msiitarajie. Treni za abiria za kufika Jinja zilikoma tangu miaka ya 1990. Zinazopita ni za mizigo.

Kamusi ilikuwa upande wangu. Picha haikuwa. Na mimi niliiweka picha kwa sababu nilijua watu watasoma picha.

Katika siku nne viti vyote vilijaa. Dada yangu anayekaa Mbale aliona tangazo kwenye simu, akanipigia akicheka kwa furaha: "Kaka, hata sisi tunakuja!" Akakusanya watu 12, nusu yao watoto, wakakodi taksi kwa gharama yao. Nikampa na neno la kumtia moyo zaidi: nikamwambia wahi, viti vya mbele vinagombaniwa. Sijui niliwaza viti vya mbele vya nini.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Agosti. Watu wa Mbale waliondoka kwao saa kumi alfajiri, wakapita barabara ya Tirinyi hadi Iganga, na saa mbili asubuhi walikuwa wamesimama mbele ya stesheni na vikapu vya chakula. Sisi wa Kimaka tuliwakuta hapo. Pamoja nao nikamwona mzee nisiyemfahamu, amevaa koti la kazi la buluu lililofuliwa hadi likaelekea weupe, na kofia ya kitambaa. Amemshika mkono mjukuu wake. Mwanachama wetu mmoja aliniambia ni jirani wa zamani wa wazazi wake kule Walukuba, hapahapa Jinja. Alikuwa faimani, yaani mchoma moto wa injini. Aliajiriwa 1971 enzi za Reli ya Afrika Mashariki, kabla jumuiya haijavunjika 1977. Aliposikia kuna injini ya mvuke inawashwa Jinja, alilipa 40,000 siku hiyohiyo. Zilikuwa fedha za kununulia mabati.

Nilimsalimu mzee. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Asante, mwanangu. Sikutegemea kuisikia tena."

Ningeweza kumwambia pale pale. Nilikuwa na pumzi ya kutosha.

Tuliingia makumbusho. Waliotupokea walitueleza vizuri, na kwa robo saa hivi watu walisikiliza. Kabla reli haijafika huku kutoka Kenya, abiria aliyetoka Mombasa alishuka Kisumu, akapanda meli kuvuka ziwa hadi Jinja. Reli ya Busoga, kutoka Jinja kwenda Namasagali, ilifunguliwa 1912, wakati njia kuu bado iko mbali. Lakini watoto hawakuja kusikia miaka. Tulipotoka uwanjani, mpwa wangu wa miaka saba alinivuta shati mbele ya watu wote: "Mjomba, moshi uko wapi?"

Kicheko kikapita, kisha kimya. Nikageuka nikaona nyuso arobaini na kitu zikinitazama, na zote zilikuwa na swali la yule mtoto.

Nikasema, "Injini imeharibika. Wenye reli wameniambia leo asubuhi."

Hilo ndilo kosa langu kubwa, kuliko fedha na kuliko tangazo. Nilichukua uongo wangu nikawatwika watu ambao walikuwa wameniambia kweli. Na uongo ule ulipita kama maji kwenye mfereji. Watu wakasonya. Mmoja akasema, "Reli ndiyo zao." Mwingine akasema, "Wamekula pesa zetu." Hakuna aliyeniuliza ushahidi, kwa sababu reli imesifika kwa kuharibika, na mtu mwenye sifa mbaya humsingizii kwa shida.

Mzee peke yake hakusonya. Aliuliza kwa upole, kama fundi anavyomwuliza fundi: "Imeharibika nini? Bomba za bila? Au ni vali?"

Sikujua bila ni nini. Kwa haraka ya kujiokoa nikajibu, "Nadhani mkaa wa mawe umekwisha."

Mzee alinitazama. Alinitazama muda mrefu, halafu akatazama chini. "Mkaa," akasema. "Mimi nimechoma injini hizi miaka sita, na mkaa wa mawe sijaushika hata siku moja. Zetu zilikuwa zinakula mafuta mazito. Kabla ya hapo wazee wetu walichoma kuni."

Watu walikuwa wanasikia. Nilijua neno lake moja lingetosha kunivua nguo pale uwanjani. Akaongeza, "Labda Katibu amesikia vibaya." Alinifungulia mlango, nami nikapita bila hata kushukuru.

Kilichofuata sikukipanga mimi, ingawa baadaye nilisifiwa nacho. Mzee aliketi kwenye ukingo wa jukwaa la stesheni, akaokota kijiti, akaanza kuchora mchangani. Watoto walimzunguka kwanza, kisha mama zao, kisha sisi wengine. Alichora Garratt: bila moja, yaani tangi la kuchemshia maji, katikati, na magurudumu yenye injini zake mbele na nyuma, ili mashine ndefu iweze kupinda konani. Alisema injini 29 za kundi lenye nambari 60 zililetwa miaka ya 1950 na kupewa majina ya magavana. Uhuru ulipokuja, vibao vya majina vikang'olewa, injini zikaendelea kuvuta vilevile. Akasema nyingine, zile ndogo za kundi lenye nambari 31, zilikuwa na majina ya makabila.

Halafu akaeleza kazi. Mafuta ni mazito kama uji wa mgonjwa, hivyo hupashwa moto ili yatiririke, kisha mvuke huyapuliza yaingie tanurini kama manyunyu. Faimani ana mkono mmoja kwenye vali ya mafuta, na macho yake yako kwenye bomba la moshi. Moshi ukitoka mweusi, mafuta yamezidi hewa, unayatupa bure. Ukiwa hauonekani kabisa, hewa imezidi, tanuri linapoa. Moshi mzuri ni wa kijivu, mwembamba kama kanga iliyochakaa. Baada ya muda masizi hujaa kwenye mirija ya bila, na mvuke hushuka. Hapo faimani huchota mchanga kwa koleo, akaumwaga kidogokidogo tanurini, na mvuto wa moto huupitisha mirijani ukikwangua masizi. Wakati huo wingu jeusi hutoka, na faimani mwenye adabu hafanyi hivyo akiwa karibu na stesheni, kwa sababu kuna akina mama wamevaa nguo za harusi na wengine wameanika.

"Watu mnapenda moshi," alisema akicheka. "Sisi moshi mkubwa ulikuwa aibu yetu. Dereva akiuona alikuwa anakugeukia tu, hasemi kitu."

Aliposema hivyo hakunitazama. Sijui kama alikuwa ananiambia mimi. Mimi nilijiambia.

Mchana watu wa Mbale walitufuata nyuma na taksi yao hadi Namasagali, kwa barabara ya Kamuli. Huko sikusema neno, mzee ndiye aliyeongoza. Alitueleza kwamba pamba ya ng'ambo ya ziwa Kyoga ilikuwa ikishushwa hapa kutoka kwenye meli na kupakiwa kwenye mabehewa, na kwamba abiria wa upande wa pili waliteremka kwenye treni wakaingia melini hadi Masindi Port. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zilipandisha maji ya maziwa na mito, gati likazama, na bandari haikuinuka tena. Majengo ya reli yakageuka shule, Namasagali College, iliyopata jina kubwa nchini kwa michezo ya kuigiza na ngoma. Watoto wa Mbale walikimbia ukingoni kutafuta vyuma kwenye nyasi. Mjukuu wa mzee alikuwa dereva, mpwa wangu faimani, na mchanga walikuwa nao wa kutosha.

Tuliporudi jioni, giza likishaingia, watu walinishukuru. Mama Mwenyekiti alinipigapiga bega: "Pole, Katibu. La injini si kosa lako." Nikasema asante. Nililala vizuri usiku ule, nisiwadanganye. Dhamira yangu haikuwa imeamka bado. Fedha za chama nilikuwa nimezirudisha, hesabu zilikubali, na kila mtu alikuwa amekula wali.

Kilichoniamsha ni kazi yangu mwenyewe. Kama wiki saba baadaye dada yangu alinipigia kutoka Mbale. Wenzake walikuwa wamekaa kikao wakaona haiwezekani watoto waamshwe alfajiri kwa injini mbovu. Wanataka kuwaandikia wenye reli barua kali, wadai nauli ya taksi, na nakala iende redioni. "Na wewe ndiye mwenye kompyuta," akasema. "Tuandikie, kaka. Wewe ndiye shahidi."

Nilikaa dukani nikaandika. Aya ya kwanza ilikwenda vizuri: salamu, tarehe, idadi ya watu. Aya ya pili ilitakiwa kusema nani aliahidi injini. Nikaandika, "Tuliahidiwa na," nikakwama. Kuna tofauti ya kusema uongo kwa mdomo na kuuchapa kwa mashine yako, kwa karatasi ya duka lako, ukijua chini yake watu wengine wataweka sahihi. Nilizima kompyuta. Nikafunga duka, nikachukua boda hadi Walukuba.

Mzee alikuwa kibarazani anapura maharage. Nilimwambia kila kitu, kuanzia picha. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono haikuacha kazi.

"Siku ile ulijua?" nikamwuliza.

"Ulipotaja mkaa."

"Mbona hukusema?"

"Haikuwa yangu kuisema. Nilikuwa nangoja useme wewe." Akapepeta maharage. "Umekawia."

Nilitaka kumrudishia 40,000 zake. Alizikataa, akasema zile 40,000 alizilipa akapata kuongea siku nzima, na mtu wa umri wake hapati siku kama hiyo mara mbili. Lakini akaniambia maneno ambayo hadi leo yananiuma: "Usiku wa kuamkia ile safari sikulala. Nilikuwa nafanya mazoezi kichwani, nisije nikakosea mbele ya mjukuu wangu."

Jumapili iliyofuata niliomba kusema kabla ya hesabu. Tulikuwa chini ya mwembe wetu, wanachama zaidi ya thelathini. Nilitaja mambo matatu kwa mpangilio: fedha nilizozitoa bila idhini, tangazo nililolikata nikijua, na injini niliyowasingizia watu wa reli. Nilitegemea kelele, ikawa kimya. Kisha mama mmoja akasema, "Mimi siku ile nilimwacha mgonjwa nyumbani." Hakusema zaidi, na sikuwa na jibu. Mwingine akauliza kama kuna kingine nilichokata nisichokisema. Swali hilo nalo lilikuwa halali.

Waliamua nilipe faini ya shilingi 150,000, nirudishe nauli ya taksi ya Mbale kutoka mfukoni mwangu, na niache ukatibu. Waliniagiza pia niende stesheni nikaombe radhi, nami nikaenda. Yule niliyemkuta hakuwa hata amesikia kwamba kuna watu waliokuwa wanamlaumu. Alinisikiliza kwa mshangao, akasema nimesamehewa, akaniuliza tutarudi lini. Dada yangu ilimchukua wiki tatu kupokea simu yangu. Alipopokea alisema, "Watoto nimewaambia ni wewe." Ndivyo ilivyopasa.

Baadaye nilisoma zaidi kuhusu makumbusho ya Nairobi, safari hii bila kukata kitu. Pamoja na Mount Gelai kuna injini ndogo ya kundi la 31, nambari 3123. Jina lake ni Bavuma, watu wa visiwa vya Buvuma, majirani zetu wa ziwani hapa Jinja. Nilikuwa nimetafuta moshi wa mlima wa mbali, kumbe jina la nyumbani lilikuwa limesimama mle mle. Nilimpelekea mzee habari hiyo. Akasema kundi hilo analijua, lilikuwa jepesi na halina kiburi.

Ninyi mnaopanga safari za vyama, za makanisa, za misikiti na za shule, sina la kuwafundisha zaidi ya hili: andikeni kilichopo. Viti vikibaki vitupu, ni viti tu. Na mkishakosea, msimtafute wa kumtwika, hasa yule ambaye watu wako tayari kumwamini kuwa mbaya, kwa sababu huyo hatapata mtetezi.

Chama kimeamua kwenda tena Agosti. Katibu mpya aliniletea kazi ya kuchapa tangazo, nikaliandika mbele yake, Mama Mwenyekiti akalisoma mara mbili kabla halijabandikwa. Linasema: "Stesheni ya Jinja, makumbusho ya reli. Kisha Namasagali, bandari ya zamani. Hakuna injini ya mvuke. Treni haipandwi. Mzee aliyekuwa faimani atatueleza kazi yake. Shilingi 40,000." Halina picha.

Limebandikwa mlangoni pa duka langu. Mpaka leo wamejiandikisha watu tisa.